Sumaku ya spika: kuanzia doa la kompyuta ya chogo hadi betri ya moyo ya mzazi

Kama ulikulia nyumbani miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000, doa lile unalijua. Huanzia pembeni mwa kioo, upande ulioegemezwa spika, kijani huku na zambarau kule, kama wino uliodondokea kwenye maji. Mtangazaji wa taarifa ya habari anakuwa na shavu moja la bluu. Kwenye kompyuta, ukurasa mweupe unageuka waridi upande wa kulia, na mwenye stesheneri anakutuliza: usiwe na wasiwasi, karatasi itatoka nyeupe.

Kila mtaa ulikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni virusi. Wengine walisema umeme ni mdogo, au tyubu imechoka, au watoto wameshika kioo kwa mikono ya maandazi. Karibu na chuo nilikosomea uuguzi, kule Tanga, kulikuwa na duka la kuchapa barua na kuingiza nyimbo kwenye CD. Mwenyewe alipenda taarabu, akaweka spika mbili kubwa za redio, moja kila upande wa kompyuta, zimebana kioo kama walinzi wa benki. Kioo kikaingia rangi pande zote mbili. Akaita fundi. Fundi akashusha spika chini ili apate nafasi, akafungua mfuniko wa nyuma, akafuta vumbi kwa brashi, akafunga, akawasha. Rangi safi! Akalipwa, akaondoka. Jioni mwenye duka akarudisha spika zake mezani, na doa likarudi nazo. Sisi wanafunzi tuliokuwa tunasubiri kuchapiwa ripoti za mazoezi tulicheka sana.

Kilichotibu ni kule kushusha spika. Vumbi halikuhusika.

Ninaandika haya nikiwa Uingereza, ambako skrini zimekuwa bapa kwa miaka mingi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba chogo hazijaisha. Ziko sebuleni kwa wazee wetu, ziko katika vyumba vya kompyuta vya shule zilizopewa msaada zamani, na hapa ughaibuni vijana wetu wanazitafuta mitandaoni ili wachezee michezo ya video ya zamani, kwa sababu michezo ile ilitengenezwa kwa ajili ya kioo cha aina hiyo. Sababu ya pili inatoka kazini kwangu. Sumaku ileile iliyochafua rangi ya kioo sasa imo ndani ya simu, hedifoni na hata pini za hijabu, na kuna wazazi wetu wanaotembea na mashine kifuani ambayo huitikia sumaku. Tuanze na kioo, kwa sababu ukishaelewa kioo, la kifuani halitakusumbua kulielewa.

Ndani ya chogo kuna nini

Chogo lile halikuwa la urembo. Ndani yake kuna chupa kubwa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza ya namna hiyo mwaka 1897, na kwa zaidi ya miaka mia moja wazo lenyewe halikubadilika sana. Nyuma kabisa, kwenye shingo nyembamba ya chupa, kuna sehemu inayopata moto na kurusha elektroni kwenda mbele. Elektroni ni chembe ndogo mno za umeme. Kwenye skrini ya rangi husukumwa na umeme wa volti kama 25,000, na zinafika kwenye kioo zikiwa na mwendo wa takriban kilomita 90,000 kwa sekunde. Kioo cha mbele kimepakwa kwa ndani unga unaong'aa ukipigwa na elektroni: nukta nyekundu, nukta ya kijani, nukta ya bluu, zimepangwa kwa maelfu na maelfu. Jicho lako ndilo linalozichanganya na kuona rangi ya ngozi, rangi ya embe, rangi ya bahari.

Sasa, mshale huo wa elektroni unafikaje kila kona ya kioo? Kwa sumaku. Shingoni mwa chupa kumezungushiwa koili za waya wa shaba. Umeme ukipita humo, koili zinakuwa sumaku, na sumaku hiyo ndiyo inayoupinda mshale kushoto na kulia, juu na chini, mstari kwa mstari, mara hamsini au zaidi kwa sekunde. Yaani skrini ya chogo huishi kwa sumaku. Ndiyo maana ikija sumaku nyingine ya kigeni, inachanganyikiwa.

Jambo la pili ni bati. Nyuma tu ya ule unga kuna bati jembamba la chuma lililotobolewa matundu mamia ya maelfu. Mishale ni mitatu, mmoja kwa kila rangi, na kila mmoja hupita tunduni kwa pembe yake ili uangukie nukta yake. Kwenye kompyuta nyingi, kutoka nukta moja nyekundu hadi nyekundu ya jirani ni kama robo ya milimita tu. Mshale ukisogezwa kidogo kuliko unene wa uzi, ule uliokusudiwa nyekundu unapiga kijani. Hapo ndipo doa linapozaliwa. Si uchafu wala virusi. Ni elektroni zimekosa njia.

Na spika? Nyuma ya ile karatasi inayotetemeka kuna sumaku nzito ya mviringo. Katikati yake kuna koili ndogo iliyoungwa na karatasi. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, karatasi inatikisika, nawe unamsikia Siti binti Saad au Diamond, kulingana na umri wako. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumaku hiyo haizimwi. Redio ikizimwa, ikichomolewa, hata ikiharibika kabisa, sumaku ya spika iko palepale inafanya kazi yake. Kwa hiyo kuzima muziki hakuondoi doa. Kusogeza spika kunaondoa.

Umbali hapa unafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana. Ukishatoka kidogo kwenye sumaku yenyewe, kuongeza umbali mara mbili kunaacha kama sehemu moja ya nane tu ya nguvu ya mwanzo. Ukiongeza mara tatu, inabaki moja ya ishirini na saba. Spika inayopaka kioo rangi ikiwa kwenye sentimita 10, aghalabu haifanyi chochote ikiwa kwenye sentimita 50.

Viwanda vilijua tatizo hili. Spika ndogo zilizouzwa pamoja na kompyuta mara nyingi zilikuwa na kinga: sumaku ya pili iliyobandikwa kinyume nyuma ya ile ya kwanza, na kikombe cha chuma kilichoifunika, ili nguvu isitoke nje. Ndiyo maana spika za kompyuta ziliweza kukaa kando ya kioo bila neno, lakini spika ya redio kubwa au sabufa ya muziki wa harusi ilileta balaa. Ukubwa wa sauti hauhusiki. Kinachohusika ni sumaku na kinga yake.

Kuliondoa doa bila fundi

Kwanza sogeza spika, nusu mita au zaidi. Mara nyingi rangi zinarudi hapohapo, mbele ya macho yako.

Zisiporudi, maana yake lile bati la ndani limeshika usumaku, kama sindano iliyosuguliwa kwenye sumaku. Hapa mashine yenyewe ina dawa. Unakumbuka ule mlio, "duuung", wakati wa kuwasha, na picha inatetemeka kidogo? Hiyo ni koili kubwa iliyozungushiwa kioo, inayopokea umeme wa kupishana kwa nguvu na kisha kwa kufifia. Kule kuvuta huku na kule kunakofifia ndiko kunakofuta usumaku kwenye bati. Kwenye TV hutokea yenyewe unapoiwasha ikiwa imepoa. Kompyuta nyingi ziliwekewa pia kitufe, au sehemu kwenye menyu, iliyoandikwa Degauss. Neno hilo limetokana na Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani, na lilianza melini: Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Waingereza walizungushia meli zao nyaya za umeme ili kupunguza usumaku wa chuma chake, kwa sababu mabomu ya Wajerumani yaliyotegwa baharini yalilipuka yakihisi meli ya chuma inapita.

Kuna siri moja ambayo ingewaokolea wengi fedha. Kuwasha na kuzima mara kumi mfululizo hakusaidii. Ile koili inasimamiwa na kifaa kidogo kinachopata joto na kukata umeme, nacho hakifanyi kazi tena mpaka kipoe. Zima, subiri nusu saa, kunywa chai, kisha washa. Doa likiwa limezama sana, rudia mara mbili tatu.

Ila sumaku kali ikiguswa moja kwa moja kwenye kioo, kama watoto wanavyopenda kufanya wakishaona rangi zinacheza, inaweza kulipinda bati lenyewe. Hilo halitibiki kwa kitufe.

Na tafadhali, usifungue. Hapa naongea kama nesi. Ile chupa huweza kubaki na umeme wa volti maelfu hata baada ya kuchomolewa ukutani, na ikivunjika, kwa kuwa ndani hamna hewa, vioo hujivuta ndani kisha huruka. Kioo chenyewe kina risasi, ile madini yenye sumu. Kama mzee nyumbani ameamua kuiacha, isiachwe uani watoto waipige mawe, wala isichomwe na takataka. Huku Uingereza vituo vya taka vya halmashauri huzipokea.

Kuna doa jingine ambalo halina spika wala mtoto wa kulaumiwa, na hili linatuhusu sisi tunaosafirisha mizigo. Dunia yenyewe ni sumaku. Ni dhaifu, lakini mshale wa elektroni unaihisi, na mvuto wake hauko sawa kila mahali: kaskazini ya mbali unaelekea chini ardhini, kusini ya mbali unatoka kwenda juu, na katikati unalala. Kwa hiyo viwanda vilitengeneza skrini za kaskazini, za kusini, na za maeneo ya karibu na ikweta. Mtu aliyenunua skrini nzuri Uholanzi au Uingereza, akaifunga kwenye kontena hadi Dar es Salaam au Mombasa, aliweza kuiwasha na kukuta pembe zimebadilika rangi kidogo, akaamini imeharibika melini. Nyingi zilitulia baada ya kufutwa usumaku mahali pake papya. Hata kugeuza meza kutoka ukuta wa mashariki kwenda wa kaskazini kulitosha kuleta rangi kidogo, na dawa ilikuwa ileile.

Picha ikiwa inatikisika badala ya kubadilika rangi, usiisingizie sumaku ya spika. Sumaku iliyotulia hutoa doa lililotulia. Mtikisiko hutoka kwenye kitu chenye umeme wa kupishana: transfoma iliyo ndani ya sabufa, stabilaiza chini ya meza, au kompyuta nyingine ya chogo iliyobanwa ubavuni. Dawa ni kusogeza hivyo hivyo, lakini mshitakiwa ni mwingine.

Skrini bapa haina mshale wa elektroni unaopindwa, kwa hiyo spika haiifanyi lolote. Weka sabufa yako kando ya TV mpya kwa amani. Diski ngumu ya kompyuta pia haifutwi na spika ya mezani, kwani hata yenyewe ina sumaku kali ndani yake. Laputopu nyingi zina kijicho cha kuhisi sumaku ili zijue mfuniko umefungwa. Ukiweka juu yake bangili ya sumaku au simu yenye sumaku, kioo huweza kuzima ghafla na wewe ukadhani imekufa. Iondoe, itaamka. Kaseti ndizo za kuangalia. Familia nyingi zenye ndugu Oman, Zanzibar na Mombasa zilitumiana sauti kwenye kaseti kabla ya simu kuwa rahisi, na bado kuna kanda za bibi zimepangwa juu ya spika kwa sababu pale ndipo penye nafasi. Ziondoeni. Kanda huhifadhi sauti kwa usumaku, na sumaku iliyokaribiana nayo sana inaweza kuiharibu. Kisha mpeni mtu mwenye deki nzima azihamishie kwenye kompyuta, maana deki nazo zinaisha.

Sasa twende wodini

Betri ya moyo, kama tunavyoiita, ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Waya mwembamba hutoka hapo hadi moyoni. Moyo ukichelewa kupiga, kifaa kinaustua kidogo upige. Wazazi wetu wengi sasa wanazo. Wengine wamewekewa Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wengine Nairobi, wengine India, wengine hukuhuku tuliko. Kuna na ndugu yake mkubwa, ile inayokaa kimya mpaka moyo uingie kwenye mapigo ya hatari ya kuua, ndipo inapopiga shoti kali ya kuurudisha. Zinafanana kwa nje, lakini kwa habari ya sumaku tofauti yake ni kubwa.

Ndani ya vifaa hivi kumewekwa makusudi kijicho cha kuhisi sumaku. Si kasoro. Sisi tunakitumia. Mgonjwa akipelekwa upasuaji, vifaa vya umeme vya kukatia na kuzuia damu vinaweza kuidanganya betri, kwa hiyo anawekewa sumaku ya mviringo kama donati juu ya kifua. Betri ya kawaida ikihisi sumaku huacha kuusikiliza moyo na kuanza kupiga kwa mwendo wake mmoja. Ile ya kupiga shoti ikihisi sumaku huacha kupiga shoti. Sumaku ikiondolewa, vyote hurudi kazini kama kawaida.

Umeona tatizo? Kijicho hakijui kama sumaku imewekwa na daktari wa usingizi au na simu iliyo mfukoni. Kinaamshwa na nguvu ya kama gausi 10. Sumaku ya dunia haifiki hata gausi moja, kwa hiyo kutembea tu hakuna shida. Lakini sumaku za kisasa, ndogo kama punje ya hindi, zinapita gausi 10 bila taabu zikiwa zimegusa ngozi.

Miongoni mwa waliochunguzwa ni spika wadogo, yaani hedifoni. Mwaka 2008, kwenye mkutano wa Chama cha Moyo cha Marekani, madaktari wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston walieleza walivyoweka hedifoni za aina nane juu ya vifua vya wagonjwa 60. Kwa wagonjwa 14 kifaa kilibadilika: 4 kati ya 27 wenye betri ya kawaida, na 10 kati ya 33 wenye ile ya kupiga shoti. Hedifoni zikiwa masikioni hazikuwa na neno. Shida ilikuwa ni zile zilizoning'inia shingoni au kuwekwa mfuko wa shati, sentimita 3 tu kutoka kwenye kifaa. Halafu mwaka 2020 zikatoka simu za iPhone 12 zenye duara la sumaku mgongoni za kushika chaja. Mapema 2021 madaktari wa Henry Ford, Michigan, waliandika kwamba walipoiweka simu hiyo juu ya kifua cha mgonjwa mwenye kifaa cha kupiga shoti, kifaa kiliacha kazi muda wote simu ilipokuwa pale. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikatoa tangazo mwezi Mei mwaka huohuo: simu na saa zenye sumaku zikae angalau inchi 6 kutoka kwenye kifaa, yaani kama sentimita 15. Apple yenyewe inasema sentimita 15, na 30 kama inachajiwa bila waya.

Nilimpigia baba yangu mdogo aliyeko Morogoro. Ana betri ya kawaida, na binti yake alimletea simu mpya kutoka Dubai.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hii simu ya dada yako tamu! Inajinatia yenyewe kwenye chaja, huioni hata waya."

"Ukienda sokoni unaiweka wapi?"

"Hapahapa moyoni," akapiga mfuko wa shati, upande wa kushoto. "Mfuko wa suruali wataichomoa."

"Baba mdogo, hapo ndipo penye betri yako."

"Sasa unataka niache simu?"

"Siachi kukupigia, utaiachaje? Ihamie mfuko wa suruali wa mbele. Ukipokea, weka sikio la kulia. Usiku isilale kifuani."

Akanyamaza kidogo. "Na hawa hawakuniambia hospitali?" Waliwezekana kumwambia. Karatasi anazo, zimekunjwa kwenye bahasha, na zimeandikwa kwa Kiingereza. Siku anatolewa hospitali mtu anasikia maneno mengi, na la kukumbuka ni tarehe ya kurudi.

Sikusudii kumtia mtu hofu. Kwa mwenye betri ya kawaida, simu ikikaa kifuani dakika kumi, huenda asihisi lolote, au mapigo yawe ya ajabu kidogo kisha yatulie. Kwa mwenye ile ya kupiga shoti nina maneno makali zaidi, kwa sababu yeye hatahisi kitu hata kidogo. Vifaa vingine hutoa mlio, vingine vinanyamaza. Siku moyo wake ukiharibika ndipo ingejulikana kwamba mlinzi alikuwa amelazwa usingizi na simu.

Mzazi mwenye betri anaweza kukaa sebuleni na sabufa inayotikisa madirisha. Sauti haimdhuru, na sumaku iko mbali. Anaweza kutazama TV ya chogo. Asiikumbatie spika kifuani wakati wa kuihamisha, basi. Ile spika ndogo ya kusikilizia Qur'ani au mahubiri, ambayo wazee hulala nayo, ikae mezani. Hedifoni zivaliwe masikioni, zikitolewa ziwekwe mezani, zisining'inizwe shingoni. Beji za jina za kushikwa kwa sumaku, kama tunazovaa wengine kazini, hazimfai.

Kina mama, pini za sumaku za hijabu ni nzuri, hazitoboi nguo, mimi mwenyewe ninazo. Lakini angalia zinapokaa: begani, chini ya kidevu, juu ya mtulinga. Kwa mama mwenye betri ya moyo mnunulie pini za kawaida. Na kwa nyumba yenye watoto wadogo, zihesabuni. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Usisubiri atoe choo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kundi jingine ni watoto waliozaliwa na maji kichwani wakawekewa mrija. Baadhi ya mirija ina vali ambayo daktari hurekebisha kasi yake kwa sumaku, akiwa nje ya ngozi, na hedifoni kubwa au tableti yenye sumaku ikikaribia pale nyuma ya sikio inaweza kuibadilisha bila mtu kujua. Vali mpya nyingi zina kufuli. Nyingine hazina. Muulizeni daktari swali moja tu: ya mtoto wangu ni ipi, na hedifoni zikae umbali gani? Mtoto mwenye mrija akianza kuumwa kichwa, kutapika au kusinzia kuliko kawaida, apelekwe haraka, uwe umeona hedifoni au hujaziona.

Mwenye betri ya moyo akihisi kizunguzungu karibu na spika au simu, asogee. Kikipita, aandike saa na kitu alichokuwa nacho, amwambie daktari siku ya kliniki. Akizimia, ni gari la wagonjwa, si kusubiri.

Na ulizeni kadi. Kila aliyewekewa kifaa hupewa kadi ndogo yenye jina la kifaa, namba yake na tarehe aliyowekewa. Hapo ndipo mtajua kama ni ya kawaida au ya kupiga shoti. Baba mdogo alidhani ni kadi ya bima, ilikuwa imewekwa pamoja na risiti za maji. Mwambie mzazi wako aipige picha, aitume kwenye kundi la familia, ili ndugu yeyote aliye naye siku hiyo awe nayo mkononi.